Masta ya trauma kwa intaneti: uliza kwanza nani atakusimamia

Jambo Dada. Mimi ni nesi wa Goma, niko na licence, yaani digrii, ya mfumo wa zamani, ile ya graduat miaka 3 na licence miaka 2. Natumika kwenye nyumba ya kusikiliza ya ONG (shirika la misaada) moja, kila siku napokea wamama na vijana waliopita kwenye vita, wengine walibakwa, wengine walizika watoto njiani wakikimbia. Mafunzo tunayopewa ni ya siku tatu nne kwenye hoteli, perdiemu, picha ya pamoja, basi. Nataka kusoma masta ya trauma, yaani vidonda vya moyo vya mtu aliyepita kwenye mabaya, kwa intaneti juu siwezi kuacha kazi. Kuna moja walinitumia kwa WhatsApp, miezi 6, dola 900, video tu, hakuna mtihani. Nyingine ni ya Uingereza, miaka 2, bei yake hata siitaji. Nichukue gani? Na nitalipa aje na benki zimefungwa? — Mama wa watoto watatu, Keshero

Mama wa Keshero, hizo dola 900 zibaki mfukoni kwanza. Tupige hesabu pamoja. Masta ya Uingereza ni krediti 180, na krediti moja wanaihesabu kama saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kusoma, kuandika, kila kitu, kwa hiyo ni saa 1800. Ukizigawa kwa miaka 2 ni karibu saa 17 kila wiki. Ukizibana kwa miezi 6 ni karibu 70 kila wiki, na wewe uko na kazi, uko na watoto, hizo saa 70 utazitoa wapi? Na kama hawakuombi hizo saa, basi wanachokuuzia si masta, ni video zenye jina la masta. Kwetu Kongo pia tangu tuingie LMD, mfumo mpya wa vyuo, masta ni miaka 2 na krediti 120, sasa hiyo karatasi ya miezi 6 ukiipeleka kwa wizara ya ESU, ile ya vyuo vikuu, kuomba ekivalansi, yaani itambuliwe kuwa sawa na masta ya kwetu, watakuangalia tu.

Lakini hata ile ya Uingereza usikimbilie kuilipa. Masta nyingi za intaneti ni za kuijua trauma, si za kuitibu: utasoma historia yake, utafiti, sera, utaandika kazi ndefu nzuri, halafu Jumatatu asubuhi mama anakaa mbele yako analia na uko vile vile ulivyokuwa. Kwa mtu anayetaka kufundisha chuoni au kuongoza programu, sawa, hiyo inamfaa. Wewe unataka kutibu. Kwa hiyo waandikie imeli, swali moja tu: kesi zangu nitazipeleka kwa nani, mara ngapi kwa mwezi, na huyo mtu anatibu watu mpaka leo? Wakikujibu kwa brosha, umeshapata jibu.

Kwa nini nashikilia hapo? Mwaka 2013 ilitoka utafiti kwenye New England Journal of Medicine, jarida la madaktari, uliofanyika huku huku kwetu mashariki ya Kongo, vijijini, kwa wamama waliobakwa. Kundi moja walipewa tiba inaitwa CPT, ya kuongea na kuyapima upya mawazo yaliyobaki baada ya tukio, wakikaa kwa vikundi, wengine walipata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Wale wa CPT walipata nafuu kubwa zaidi, na iliendelea hata miezi baadaye. Sasa waliowahudumia walikuwa nani? Wasaidizi wa jamii wa hapa hapa, hawana masta, hawana hata licence, walipewa mafunzo mafupi na nyuma yao kulikuwa na wasimamizi wanaofuata kazi yao. Mimi kila nikiona tangazo la masta lenye majengo mazuri na wanafunzi wanacheka kwenye majani, nawakumbuka wale wasaidizi.

Angalia pia wanafundisha nini. Kama somo kubwa ni debrifingi, ile ya kukusanya watu siku moja baada ya janga na kuwalazimisha wasimulie kila kitu kwa kikao kimoja, ujue wako nyuma sana, OMS (Shirika la Afya Duniani) ilishasema haifai. Wewe kama nesi angalia na hii: wanasema nini juu ya diazepamu, ile dawa ya kutuliza, kwa mtu aliyetoka kupata tukio baya? Mwongozo wa OMS wa 2013 unasema isitolewe kwa ajili ya kupunguza dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza, na bado kwenye vituo vyetu inagawiwa kama peremende. Programu nzuri itakufundisha tiba zenye ushahidi, CPT, EMDR (ya kukumbuka tukio huku unasogeza macho), NET (ya kusimulia maisha), na itakuwa imeshaingiza ICD-11, orodha ya magonjwa ya OMS, iliyoanza kutumika 2022 na ambayo imetenga trauma tata kama ugonjwa wake peke yake. Hiyo ya trauma tata inatuhusu sana sisi, watu wetu hawakupigwa mara moja tu, ni mara nyingi.

NET niiseme kidogo kwa sababu inaonyesha vizuri ugumu wa kusomea intaneti. Ilitengenezwa na watu wa chuo cha Konstanz, Ujerumani, na ilishatumika hapa mashariki hata kwa vijana waliotoka kwenye vikundi vya silaha. Unatandika kamba chini, hiyo ni maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Anaweka ua pale alipopata furaha, anaweka jiwe pale palipomuumiza, ncha nyingine ya kamba inabaki imekunjwa juu hayo maisha bado hayajafika. Halafu kwa vikao vinavyofuata mnalipitia kila jiwe taratibu, alisikia harufu gani, mikono ilikuwa wapi, moyo ulidunda aje, na unamrudisha kila saa kwamba sasa tuko hapa, kwenye chumba hiki, mwaka huu. Haya hayaingii kwa kuangalia video. Kozi ya maana inakutandikisha kamba yako mwenyewe nyumbani, mwanafunzi mwenzako anakuwa mgonjwa kwenye kamera, mwalimu anawaangalia na kuwasimamisha pale unapomkimbiza mtu. Uliza kama wanafanya hivyo.

Kitu kingine ambacho hawataandika kwenye tangazo. Utaombwa upeleke kesi darasani. Mama, Goma ni ndogo! Ukisema "mama mmoja muuza makaa karibu na rond-point Signers aliyepoteza mapacha", umeshamtaja, hata jina hujasema. Na darasani yuko mtu anaishi Brussels ambaye dada yake ni jirani wa huyo huyo mama. Badilisha kazi yake, mtaa, idadi ya watoto, acha tu kile kinachohitajika kwa tiba. Kurekodi kikao kwa simu na kukituma kwa WhatsApp, usithubutu, hata profesa akiomba, mpaka mteja mwenyewe amekubali akijua nani atasikiliza na faili itafutwa lini. Na soma ukiwa na ekuta masikioni, watoto hawapaswi kusikia hayo masomo.

Na wewe mwenyewe. Mchana unasikiliza, usiku unasoma mambo yale yale. DSM-5 ya 2013, kitabu cha Waamerika cha magonjwa ya akili, iliandika wazi kwamba mtu anaweza kuumia kwa kukutana kila mara na habari za kutisha kwa sababu ya kazi yake, hata kama yeye hayakumpata. Kwa hiyo saa 17 za wiki usiziweke zote baada ya saa tatu usiku. Ongea na shefu wako akupe nusu siku, aiandike kabisa.

Pesa sasa. Tangu Januari 2025 benki za Goma zilipofunga, wengi wanavuka kwenda Gisenyi, Rwanda, kufanya malipo, wengine wanapitia ndugu aliye nje. Ukipitia ndugu, uliza chuo kwanza kwa maandishi kama wanakubali pesa itoke kwa jina la mtu mwingine, na lipa kwa vipande, usilipe mwaka mzima. Buruza, yaani ufadhili: ile ya Commonwealth (Jumuiya ya Madola) ya kusomea mbali tusiiangalie, nchi yetu si mwanachama (Rwanda ni mwanachama tangu 2009, majirani zetu wako na bahati), na Chevening, buruza ya serikali ya Uingereza, hailipii masomo ya mbali. Omba kwa ONG yako, kwenye bajeti za wafadhili mara nyingi mna mstari wa mafunzo na ndiyo ile inaishia hotelini.

Ningekuwa wewe ningeanza na kozi fupi ya tiba moja yenye msimamizi wa mwaka mzima, masta ingefuata.

Dada, mimi ni mwanasaikolojia wa Bukavu, nimepata nafasi ya D.U. ya trauma kwa chuo cha Ufaransa, masomo karibu yote kwa Zoom. Itahesabiwa kama masta? — Kadutu

Hapana kaka. D.U. ni diploma ya chuo chenyewe, si diploma ya taifa, hata huko Ufaransa haikupi gredi ya masta. Lakini wewe uko na saikolojia tayari, unachokosa ni ufundi, na D.U. nyingi zinafundishwa na watu wa kliniki, kwa hiyo mimi ningeenda. Usiiandike tu kwenye CV kama masta. Uangalie saa: kipindi chao cha joto saa ya Paris na ya Bukavu ni moja, kipindi cha baridi wao wako nyuma saa moja, somo lao la saa kumi na mbili jioni kwako ni saa moja, ndiyo saa umeme unapenda kutukimbia. Omba rekodi za masomo, na laptopu iwe imeshajaa mchana. Na kabla ya kutafuta msimamizi mbali, Bukavu muko na SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili, na hospitali ya Panzi, gonga huko kwanza.

Mimi ni mwalimu wa Lubumbashi, commune Katuba, niko na wanafunzi ambao baba zao walifukiwa kwenye mashimo ya madini. Naweza kusoma hiyo masta ya trauma? — Mwalimu

Mwalimu, masta ya tiba itakuomba saikolojia, udaktari, unesi au kazi ya jamii, pedagojia peke yake mara nyingi haitoshi. Na hao watoto hawawezi kungoja miaka 2. Tafuta mwongozo wa OMS wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wa 2011, ni bure na Kifaransa ipo, ni kitabu kidogo unakimaliza wikendi. Mtoto anayeendelea kutolala, kukojoa kitandani au kuganda darasani baada ya mwezi, mpeleke kwa mtaalamu, na kwa kumpata anza kwa kuuliza kitivo cha saikolojia cha UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi.