Jibu: Kariakoo kwa siku moja

Habari mkuu. Umeuliza kama siku moja inatosha kuionja Kariakoo ya Dar es Salaam, soko na usiku wake. Inatosha, ila angalia kwanza usiangukie Jumapili, maduka mengi hufungwa. Panda basi la mwendokasi ushuke kituo cha Gerezani alasiri, ulizia Mtaa wa Kongo. Nguo zimetandazwa mpaka barabarani, na bei ya kwanza usiikubali kabisa: mimi kitenge nilitajiwa shilingi 30,000, nikaondoka nacho kwa 18,000. Simu ikae mfuko wa mbele. Giza likiingia fuata moshi wa mishikaki. Muuzaji anapepea mkaa kwa kipande cha boksi, bakuli la ukwaju na pilipili pembeni. Ukibahatika timu ya soka ya Simba imeshinda siku hiyo, sogea Mtaa wa Msimbazi, yalipo makao ya klabu. Hapalaliki!