Mwajiri hupima nini hasa kwenye usaili?

Hakuna mwajiri mwenye mizani ya kupima ubora wako wote. Ana barua, vyeti, mtihani mfupi na dakika chache za mahojiano. Anayeajiriwa ni aliyepata alama nyingi humo, na mara nyingi siye fundi kuliko wote.

Tuchukue ajira za serikali ya Tanzania zinazopitia Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachopokea maombi na kusaili waombaji kwa niaba ya ofisi za umma. Wengi huanguka kabla ya kupimwa chochote: barua haina saini, nakala za vyeti hazikugongwa muhuri wa wakili, au mtu amepakia hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe. Aliyesoma nje anasahau ithibati ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) au NECTA (Baraza la Mitihani). Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na vya shule, shughulikia sasa hivi hati ya kisheria inayothibitisha kuwa majina yote ni yako. Usingoje tangazo litoke, kwa sababu siku za kuomba huisha upesi.

Kwenye mchujo wa kuandika, kupata alama 50 kati ya 100 hakutoshi. Wanaoitwa kwenye mahojiano ni wa juu, kulingana na idadi ya nafasi.

Hapa ndipo wazoefu wanapoumia, na inasikitisha. Mtu amekaa masijala, ofisi ya kutunza majalada, miaka sita, akiulizwa barua inavyoshughulikiwa anajibu, "Tunaipokea, tunaweka kwenye faili." Kijana aliyetoka chuoni jana anapanga: inapokewa, inagongwa muhuri wa tarehe, inasajiliwa kwenye rejista, inatafutiwa jalada, inapewa namba ya folio (namba yake ya mpangilio ndani ya jalada), inapelekwa kwa afisa mhusika, na mwendo wa jalada unaandikwa. Wasaili hawakuwahi kumwona yule wa kwanza kazini, kwa hiyo hawawezi kumpa alama kwa asichokisema.

Dawa yake ni kuchukua majukumu yaliyo kwenye tangazo, moja moja, na kuandika chini ya kila moja: maana yake, hatua zake kwa mpangilio, vifaa, sheria au kanuni inayohusika, na tatizo moja linalotokea pamoja na utatuzi wake. Kisha yaseme kwa sauti mbele ya mtu. Kujua kichwani na kutamka ni vitu viwili. Swali likitaka mambo matano, toa matano, hata kama la kwanza unaliweza kwa nusu saa.

Kwa kampuni binafsi, meneja huogopa kumchukua mtu asiyefaa kuliko anavyoogopa kumkosa aliye bora. Ndiyo maana neno la aliyefanya kazi nawe lina uzito. Mdhamini wako, yaani uliyemtaja kwenye maombi akushuhudie, mpe tangazo lenyewe na kazi mbili ulizozifanya mbele yake, apate la kusema akipigiwa.

Ukifaulu mahojiano ya Sekretarieti na nafasi zikajaa, jina huhifadhiwa kwenye kanzidata na unaweza kupangiwa kituo baadaye bila usaili mpya. Usibadili namba ya simu bila kuirekebisha kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi hizo.