Barua kwa mwanangu: msimu mmoja kabla ya uzamili

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: "Mama, kemia nimemaliza. Niombe uzamili wa sayansi ya divai mwaka huu huu? Na mimi nisiyekunywa, nitaiwezaje?"

Hilo la pili nalimaliza upesi. Kuonja si kunywa. Kwenye chumba cha kuonjea kila mtu ana chombo chake cha kutemea, na pua hufanya kazi kubwa kuliko ulimi. Nimefanya kazi na watu wasiomeza hata tone, nao ndio waliokuwa wa kwanza kutambua kasoro. Ila kama hata kuitia kinywani dhamiri yako inakukataza, niambie, maana unaweza kusomea mizabibu yenyewe, udongo na magonjwa yake, bila kugusa glasi.

La kwanza, jibu langu ni hili: omba, lakini si mwaka huu. Nenda kwanza ukafanye msimu mmoja wa mavuno.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi niliingia kiwandani na kemia kichwani, kama ulivyo wewe leo. Nilijua kwamba kila gramu 17 hivi za sukari katika lita ya juisi ya zabibu huzaa asilimia moja ya alkoholi, basi juisi yangu yenye gramu 220 nikaitabiria asilimia 13. Siku ya sita tangi likasimama. Hamira imeacha kula, sukari imebaki, na mimi napima tena na tena nikidhani kipimo kimekosea. Mzee mmoja wa kazi za tangi, ambaye chuo hakukipitia, akaniambia kwamba pale palikuwa pananuka yai viza tangu juzi yake. Harufu hiyo hata mimi niliisikia, nikaipita! Ilikuwa haidrojeni salfaidi, na mara nyingi hamira huitoa inapokosa naitrojeni. Yeye aliijua dalili, mimi niliijua sababu, na hatukuzungumza mapema. Tangi lile tulihangaika nalo wiki nzima.

Mwanafunzi aliyepitia msimu kama huo kabla ya uzamili humwendea msimamizi wake na swali mkononi. Asiyepita hupewa swali la mtu mwingine, akaishi nalo miaka miwili. Nimewaona wa aina zote mbili, na wa pili huchoka mapema hata akiwa na akili nyingi.

Masomo yenyewe hayatakutisha. Utakutana na kemia yako, ila imevaa nguo za kazi. Chukua salfa dioksidi, tunayoitia kuzuia bakteria na kuikinga divai na hewa. Nguvu yake inategemea pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ambacho hupanda asidi inapopungua: ukitoka 3.0 kufika 3.5, sehemu inayoua vijidudu hupungua karibu mara tatu kwa kipimo kile kile. Darasani hilo ni mlinganyo wa mstari mmoja, lakini kiwandani ndilo linaloamua kama pipa litasalimika. Utakakopungukiwa ni kwenye mikrobiolojia, elimu ya vijidudu, kwa hiyo anza kuisoma sasa. Ujue jinsi bakteria wanavyoigeuza asidi kali ya maliki, ile ya tufaha, kuwa asidi laini ya laktiki. Émile Peynaud, mtaalamu wa divai wa Bordeaux, Ufaransa, alitumia miaka mingi kuwafundisha watengenezaji kulisimamia badiliko hilo badala ya kulisubiri kwa bahati.

Vyuo vipo: Davis kule California, Adelaide ya Australia, Stellenbosch ya Afrika Kusini, Bordeaux, na Geisenheim ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1872. Usichague kwa jina. Soma tasnifu walizoandika wanafunzi wa karibuni, uone nani anasimamia kazi inayokugusa. Uulize pia kama chuo kina kiwanda chake cha kufundishia. Uzamili wa divai usio na matangi mimi siukubali.

Kalenda nayo inakusaidia. Kusini mwa dunia zabibu huvunwa hasa Februari hadi Aprili, na kaskazini Agosti hadi Oktoba. Ukifanya mavuno ya kusini, unawahi masomo yanayoanza Septemba kaskazini, na mikono yako bado ina rangi ya zabibu.

Jambo moja nakusihi kama mama. Juisi inapochachuka hutoa hewa ukaa kwa wingi. Haionekani, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hutulia chini. Watu wamekufa wakimfuata mwenzao aliyeanguka ndani ya tangi. Usiingie kamwe kabla hewa haijapimwa, wala ukiwa peke yako, hata msimamizi akikuharakisha.

Barua ya kuomba kazi ya mavuno iandike kabla ya Jumapili, unitumie niipitie. Usiwaambie kwamba unaipenda divai. Waambie unajua kupima asidi kwa mkono bila kukosea, na kwamba huchoki kuosha vyombo, maana siku nyingi za mavuno ni kuosha tu.

Mama yako