Nimehamia London: Wanamazingaombwe Niwapate Wapi?

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Hapo Mombasa nilikuwa nikifanya mazingaombwe ya karata na sarafu kwenye sherehe. Sasa niko London kimasomo. Nikitafuta duka la vifaa kwenye simu, naletewa maduka ya ubani na mawe ya bahati. Nianzie wapi?
— Msomaji, mzaliwa wa Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Kinachokupoteza ni neno. Kwetu uchawi mbali, mazingaombwe mbali; Kiingereza huyaita yote “magic”, na kuna mchezo wa karata wenye jina hilohilo na maduka yake. Andika “magicians’ society” pamoja na jina la mtaa wako.

Klabu itangulie, duka lifuate. Maduka yamepungua: hata Davenports, lililofunguliwa London mwaka 1898, sasa liko Norfolk, nje ya London. Wanachama ndio wanaojua nani bado anauza.

The Magic Circle, klabu ya wanamazingaombwe ya tangu 1905, iko Stephenson Way, karibu na stesheni ya Euston. Usiibishie hodi kwanza: huchukua wenye miaka 18 na zaidi, kwa usaili na kisha mtihani mbele ya watahini. Anza na klabu ndogo ya mtaa, au International Brotherhood of Magicians, ambayo matawi yake huitwa “ring” na kupewa namba. La Uingereza ni la 25. Mwandikie katibu, umweleze unafanya michezo gani, umuulize kama mgeni anakaribishwa.

Siku ya kwenda klabuni chukua karata pana, za milimita 63 kwa 88. Kama mkono umezoea zile nyembamba za milimita 57, kadi uliyoificha kiganjani itachungulia pembeni ya kidole kidogo. Zifanyie mazoezi wiki kadhaa. Onyesha mchezo mmoja ulioiva. Mwenzako akionyesha wake, usimuulize siri mbele za watu.

Dukani, muuzaji hukuonyesha mchezo, siri ukaipata ukishalipa, na aghalabu pesa hazirudi. Basi uliza mapema: unafanyika watu wakiwa wamekuzunguka? Kuna kitu kinachoisha, cha kununua tena kila mara? Harusini kwetu watoto hukaa hadi mgongoni pako; mchezo wa kutazamwa mbele tu utakuumbua.

Ukija likizo, karatasi zile za kuwaka ghafla usizitie kwenye begi lolote, la mkononi wala la mizigo. Ni nitroselulosi, na ndege haziruhusu.