Jibu: Mbona tukiwa wawili mtumbwi hauendi mbio mara mbili?

Ndugu, umeuliza kwa nini wewe na mdogo wako mkipiga kafi pamoja mtumbwi hauendi mara mbili ya ukiwa peke yako. Maji ndiyo yanayokataa. Ukizidisha mwendo mara mbili, upinzani wa maji unapanda karibu mara nne, na nguvu inayotakiwa karibu mara nane. Kwa hiyo mtu wa pili anakuongezea kama robo tu ya mwendo, na hapo sijahesabu uzito wake!

Halafu kuna wimbi linalotengenezwa na mtumbwi wenyewe. Kujua mwendo ambao wimbi hilo linakuzuia, chukua urefu wa mtumbwi unaogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5: mita 4 zinakupa kama kilomita 9 kwa saa. Ukikaribia hapo unapanda kilima ulichojijengea. Jasho linatoka, kisiwa cha Idjwi kule Ziwa Kivu hakisogei karibu. Mtumbwi mrefu mwembamba unachelewa kukutana nacho. Ila msikimbilie kununua mrefu: kwa mwendo wa polepole mfupi unaweza kuwa mwepesi zaidi, maana unagusana na maji kidogo.

Mkitoka Bukavu kwenda mbali, shikeni mwendo mnaoweza kupiga stori bila kuhema.