Usilipe CT ya pili, dai DWI

Hapana, usilipe! Umeandika kwamba mama yako hapo Nakuru amepoteza kumbukumbu kwa wiki chache tu, anayumba, mikono inashtukashtuka, CT (picha ya eksirei ya ubongo) imetoka safi, na daktari anayeshuku CJD, ugonjwa wa prioni, yaani protini zilizokunjika vibaya zinazoharibu ubongo kwa kasi, anataka MRI, picha ya mashine ya sumaku. Nawe unaona heri urudie CT, safari hii na dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, kwa kuwa ni nafuu. Njia hiyo tuliipita na baba yetu hapa Kisumu. Tafadhali usiifuate.

Kwa ugonjwa wa prioni kama CJD, CT kwa kawaida haionyeshi kitu. Irudie, itatoka safi tena, na hiyo dawa haitabadilisha lolote. Unahitaji MRI, tena yenye picha za DWI, zile zinazoonyesha mahali maji yamezuiwa kutembea ndani ya ubongo.

Baba alikuwa akishtuka kila mlango ulipogongwa, hakutulia kwenye mashine. Fundi akapiga picha chache za kawaida akamtoa. DWI hakuna. Ripoti ikasema ubongo umesinyaa kulingana na umri. Umri gani, na mwezi mmoja nyuma alikuwa akipiga hesabu za duka mwenyewe? Na yule wa mapokezi alikuwa ametuapia kwamba tunalipia MRI kamili. Kamili! Nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka. Tuliuza ng'ombe, tukachangisha jamaa, tukalipa upya Nairobi. Kule walianza na DWI, huchukua dakika chache tu, na daktari akatuonyesha kwenye skrini: weupe umeandama mikunjo ya ubongo kama utepe, na ndani kabisa kaudeti na putameni, sehemu mbili za kina cha ubongo, zinang'aa.

CJD haina tiba, najua. Lakini kuna ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia ubongo, unafanana nayo sana, na huo hutibiwa. Wiki zinazopotelea kwenye CT zinaweza kuwa za matibabu hayo. Kifafa nacho kinaweza kuleta weupe wa aina hiyo, ndiyo maana daktari ataomba pia EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, na maji ya uti wa mgongo yapimwe RT-QuIC, kipimo kinachosaka prioni. Usimkatalie.

Piga simu kabla ya kutoa hata shilingi: je, mnapiga DWI pamoja na ramani ya ADC (picha mwenza inayothibitisha kwamba maji yamezuiwa kweli), na mtaanza nayo kabla mgonjwa hajachoka? Wakisitasita, tafuta kwingine. Daktari aandike kwenye fomu kwamba anashuku CJD, kwa sababu msomaji wa picha asiyeambiwa huupita utepe huo kwa urahisi. Chukua na CD yenye picha zote, ripoti ya karatasi pekee usikubali.