Maswali na Majibu: Kabureta na Dainamo za Land Rover za Zamani

Swali: Nimenunua mabaki ya Land Rover ya petroli, chasisi ndefu ya inchi 109, yaliyokuwa yamelala shambani kwa miaka mingi. Kabureta yake imegandamana tope na mafuta. Nitajuaje kama ndiyo iliyotoka nayo kiwandani? (Msomaji, Iringa)

Jibu: Usianze na brashi ya waya, kwa kuwa maandishi unayoyatafuta yako chini ya tope hilo, nayo brashi huyala pamoja na uchafu. Ipige picha pande zote, uilowanishe kwa mafuta ya taa usiku kucha, kisha uisugue kwa mswaki mkuukuu. Injini ya petroli ya lita 2.25, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ilitoka Solihull, Uingereza, ikiwa na kabureta ya Solex katika miaka yake ya mwanzo, na baadaye ikawekewa Zenith 36 IV. Ukiona jina la Weber na maandishi 34 ICH, ujue kuna mmiliki aliyeibadilisha. Weber hiyo huendesha gari vizuri, lakini ukitaka kulirudisha gari katika hali yake ya asili, tafuta iliyo yake.

Swali: Kabureta yangu ni Zenith 36 IV. Gari linatoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi, na fundi ameniambia niitupe ninunue mpya. Je, nimsikilize? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Nakusihi usiitupe bado. Kabureta hii ina ugonjwa unaojulikana sana: kifuniko chake cha juu hupinda, mara nyingi kwa sababu ya skrubu zilizokazwa kwa nguvu mno, na petroli ikapata upenyo wa kupita pembeni bila kupimwa na jeti, yaani kile kitundu kinachopima petroli. Kifungue, kisha utoe kile kipande chenye jeti kilichofungwa chini yake. Kati ya viwili hivyo kuna oringi ndogo (pete ya mpira), ambayo katika kabureta za zamani mara nyingi nimeikuta imekauka na kuwa bapa kama ganda la mbegu; weka mpya. Halafu simamisha rula ya chuma juu ya uso wa kifuniko, uielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya chini ya rula, uso umepinda.

Dawa yake ni subira. Tandaza msasa laini, namba 400, juu ya kioo kinene, paka uso wote wa kifuniko wino wa kalamu nene, kisha ukizungushe kwa mkono mwepesi katika umbo la namba nane. Kila baada ya mizunguko michache kigeuze ukitazame: palipobaki wino ndipo palipobonyea. Wino ukiisha kote, acha hapo hapo, wala usiendelee kula chuma bure. Uso wa kipande chenye jeti nao ufanyie vivyo hivyo, kisha osha kila tundu hadi pasibaki chembe ya msasa. Wakati wa kufunga, kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupokezana.

Swali: Je, naweza kuchemsha kabureta katika kostiki ili ing'ae? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hapana. Kostiki hula aluminiamu na zinki, na bodi ya kabureta imetengenezwa kwa madini ya aina hiyo.

Swali: Nimeokota dainamo (kifaa cha kuzalisha umeme wa gari) ya Lucas kwenye chuma chakavu. Ni ya mwaka gani, na je, itafaa kwa Land Rover yangu ya 1969? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Safisha bodi ya chuma utafute namba zilizogongwa. Pamoja na namba ya aina, kwa mfano C40, Lucas waligonga pia tarehe ya kutengenezwa. Jambo la kuangalia zaidi ni umeme wake. Land Rover za zamani zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi, na mnamo 1967 zikageuzwa kuwa hasi, kwa hiyo dainamo iliyotoka kwenye gari la zamani zaidi itahitaji kugeuzwa chanya na hasi yake, hivi. Ifunge mahali pake, hakikisha betri imeungwa hasi kwenye bodi, chomoa waya wa terminali ndogo yenye herufi F, kisha gusisha hapo waya unaotoka chanya ya betri mara mbili tatu, kwa sekunde moja tu kila mara. Cheche ndogo itaruka, nayo ni kawaida. Rudisha waya, washa injini, na ukiongeza mwendo taa nyekundu ya chaji inatakiwa kuzimika.